Shampinyo si ya ngozi tu: magonjwa ya kuvu na dawa zake, kwa wakaaji wa Masisi na Walikale

Mama mdogo wangu aliumwa kichwa juma tatu. Juma la kwanza alipewa dawa ya malaria. Juma la pili, dawa ya tifoide. Juma la tatu alianza kuona vitu viwili-viwili, akatapika, kisha akaanza kusema maneno yasiyoeleweka. Hapo wengine katika jamaa wakasema ni mapepo. Tulimpeleka hospitali kwa pikipiki, tumemshika katikati ya watu wawili. Munganga alimtoa maji kidogo kwenye uti wa mgongo, yakatazamwa kwa mikroskopi, na jibu lilikuwa jina ambalo hakuna hata mmoja wetu alikuwa amelisikia: kriptokoki. Alikufa siku ya nne. Alikuwa na virusi vya ukimwi na hakujua.

Kriptokoki ni kuvu. Ni wa jamaa moja na ule unaoleta ugonjwa wa kichwa kwa watoto wa shule, ule unaofanya ulimi wa mtoto mchanga kuwa mweupe, na ule unaowasha wachimbaji katikati ya vidole vya miguu. Hapa kwetu tunaviita vyote shampinyo. Watanzania wanasema fangasi. Vitabu vinasema kuvu au ukungu. Jina si shida. Shida ni kwamba tunafikiri shampinyo ni jambo la ngozi tu, la kupaka pomada na kungoja. Makala hii inaeleza kuvu zinazogonjesha watu, dawa ya kila moja, na ni wakati gani usingoje tena.

Kuvu ni nini?

Mtu wa Walikale anajua uyoga wa pori. Mtu wa Masisi anajua chachu inayofanya kasiksi ichemke, na ule ukungu wa rangi ya majani unaoota juu ya mkate uliokaa siku nyingi. Vyote hivyo ni kuvu. Ziko katika udongo, katika miti, katika mavi ya ndege na ya popo, katika hewa tunayovuta. Zingine zinaishi juu ya ngozi yetu na ndani ya matumbo bila kutusumbua. Nyingi hazina ubaya kwa mtu mwenye mwili wenye nguvu.

Kuvu si bakteria, wala si virusi, wala si mdudu kama ule wa malaria. Neno hilo ndilo la kushika kwanza, kwani linaleta lingine: antibiotiki haiui kuvu. Amoksisilini haiwezi, siprofloksasini haiwezi, hata ukichoma sindano kumi. Tena inaweza kuongeza shida. Antibiotiki inaua bakteria wazuri wa mwili ambao walikuwa wanazuia kuvu zisizidi, na hapo kuvu zinapata nafasi.

Juu gani dawa za kuvu ni chache, na zingine ni kali? Ni kwa sababu chembe za kuvu zimejengwa karibu sawa na chembe za mwili wetu, kuliko za bakteria. Ni sawa na kutaka kuchoma nyumba ya adui iliyo ukuta kwa ukuta na yako. Watafiti walilazimika kutafuta vile vitu vichache ambavyo kuvu inavyo na sisi hatuna. Kimoja ni mafuta yanayoitwa ergosteroli. Kuvu inayatumia kujenga ngozi ya chembe yake, lakini sisi tunatumia kolesteroli. Dawa nyingi za kuvu zinashambulia ergosteroli hiyo.

Mwezi wa kumi 2022, Shirika la Afya Duniani lilitoa kwa mara ya kwanza orodha ya kuvu hatari zaidi kwa binadamu. Ziko 19. Nne ziliwekwa juu kabisa: kriptokoki (Cryptococcus neoformans), aspajilasi (Aspergillus fumigatus), kandida ya kawaida (Candida albicans) na kandida nyingine mpya inayokataa dawa, Candida auris.

Kuvu za ngozi, nywele na makucha

Hizi ndizo tunazoziona kila siku. Hazui, lakini zinawasha, zinaharibu sura, na zinaambukiza kwa upesi mahali watu wanaishi wamebanana: darasa la watoto 70, nyumba moja ya jamaa tatu, mabashi ya kambi za wahamaji.

Kichwani mwa watoto inaonekana kama duara lenye magamba, nywele zinakatika, wakati mwingine usaha unatoka. Inapita kwa kofia, kitambaa cha kichwa, kitana, na mashine ya kinyozi isiyosafishwa. Wazazi wengi wanapaka pomada, mafuta ya gari, hata maji ya betri. Acheni hiyo. Maji ya betri yanaunguza kichwa cha mtoto na kuacha kovu ambalo nywele hazitaota tena. Hata pomada nzuri haitoshi peke yake, kwa sababu kuvu imeingia ndani ya shina la nywele, pale pomada haifiki. Inahitaji dawa ya kumeza: grizeofulvini, kila siku, kwa juma sita au zaidi, kwa kipimo cha uzito wa mtoto. Inameng'enywa vizuri ikinywewa pamoja na chakula chenye mafuta. Hapa Masisi tuna bahati: kikombe cha maziwa kinatosha, na Walikale karanga au chakula chenye mawese. Mama mwenye mimba asiinywe. Na mwanamke anayetumia kinini za kupanga uzazi ajue kwamba grizeofulvini inapunguza nguvu ya kinini hizo.

Mwilini ni duara pia, lenye ukingo mwekundu au mweusi ulioinuka, na katikati kunaonekana kama kumepona. Miguuni ngozi inakuwa nyeupe na kupasuka katikati ya vidole. Wachimbaji wa Rubaya na wa mapori ya Walikale wanalijua sana hilo, kwani mabote ya mpira yanashinda na maji ndani toka asubuhi mpaka jioni. Kwa hizi, pomada inatosha: mikonazoli au klotrimazoli mara mbili kwa siku. Ile pomada ya zamani ya Whitfield, mchanganyiko wa asidi benzoiki na asidi salisiliki, ni ya bei ndogo na inafanya kazi. Kosa la watu ni kuacha siku ile kuwasha kunapoisha. Endelea juma moja au mbili zaidi baada ya alama kupotea. Kausha miguu, badilisha soksi, acha mabote yapate jua.

Makucha yaliyokuwa mazito na ya manjano ni jambo lingine. Pomada haisaidii sana. Dawa ya kumeza, kama terbinafini, inachukua juma sita kwa makucha ya mikono na miezi mitatu kwa ya miguu. Kama hayaumi, muuguzi anaweza kukuambia uyaache tu.

Pomada inayodanganya

Mimi mwenyewe nilipata duara moja shingoni. Nilinunua sokoni tubu moja iliyoandikwa kwamba inatibu kila kitu cha ngozi. Siku tatu kuwasha kulikwisha, nikafurahi. Baada ya juma mbili duara moja lilikuwa matano, yameshuka mpaka kifuani. Muuguzi alisoma tubu na akanionyesha neno moja dogo: betametazoni.

Betametazoni, klobetazoli na ndugu zao ni steroidi. Zinapunguza wekundu na kuwasha kwa kulaza askari wa ngozi. Askari wakilala, kuvu inatembea. Ugonjwa unapoteza sura yake ya kawaida, hata munganga anaweza kukosea akiutazama. Tubu nyingi zinazouzwa zina vitu vitatu pamoja: dawa ya kuvu kidogo, antibiotiki na steroidi. Na hizi steroidi ndizo zile zile zinazopatikana katika pomada nyingi za kujichubua. Kwa hiyo kabla ya kulipa, soma tubu au omba mtu akusomee. Ukiona neno linaloishia na "zoni" au jina klobetazoli, usipake juu ya shampinyo.

Kuvu za kinywa na za uke

Hapa mwenye kazi ni kandida. Inaishi ndani ya watu wengi bila shida. Inazidi pale ambapo mwili umedhoofika, ambapo mtu amekunywa antibiotiki kwa siku nyingi, ambapo kuna mimba, ugonjwa wa sukari, au virusi vya ukimwi.

Kwa mtoto mchanga unaona utando mweupe kama maziwa yaliyoganda juu ya ulimi na ndani ya mashavu, lakini ukifuta hautoki kwa urahisi, na mtoto anakataa kunyonya. Dawa ni nistatini ya maji, unadondoshea kinywani mara nne kwa siku kwa siku saba au zaidi. Mama naye aangaliwe matiti, kwani wanaweza kuambukizana.

Nistatini ina historia inayofaa kujulikana. Mwaka wa 1950 wanawake wawili wa Marekani, Elizabeth Hazen na Rachel Brown, waliipata ndani ya bakteria mdogo wa udongo wa shamba moja. Ilikuwa mojawapo ya dawa za kwanza za kuvu zenye faida kwa watu. Waliipa jina kutokana na jimbo lao, New York State, ambako walifanyia kazi.

Kwa mama, kandida ya uke inaleta kuwasha sana na uchafu mweupe mzito kama maziwa yaliyokatika. Mara nyingi haina harufu mbaya. Si ugonjwa wa aibu wala si lazima mume awe ametoka nje. Klotrimazoli ya kuweka ukeni usiku ndiyo dawa, na mwenye mimba anaweza kuitumia kwa ushauri wa muuguzi. Flukonazoli ya miligramu 150, kinini kimoja mara moja, inatibu pia, lakini si kwa mwenye mimba. Kama kuna harufu, usaha, maumivu ya tumbo la chini au kidonda, hiyo si kandida peke yake. Enda upimwe.

Sasa sikilizeni vizuri jambo hili. Mtu mzima akiwa na utando mweupe kinywani, na kumeza chakula kunamuuma kifuani kama kitu kimekwama, hiyo ni alama kubwa. Kandida imeshuka kwenye koo la chakula. Nistatini haitoshi tena. Inahitaji flukonazoli kwa juma mbili hadi tatu, na mtu huyo apimwe virusi vya ukimwi siku ile ile. Kutibu kinywa bila kupima damu ni kufuta moshi na kuacha moto.

Kriptokoki: kuvu inayopanda kichwani

Inaishi katika udongo wenye mavi ya ndege, zaidi ya njiwa, na katika miti fulani. Tunaivuta kwa pumzi. Haitoki kwa mtu kwenda kwa mtu mwingine, kwa hiyo msimtenge mgonjwa. Kwa mwenye nguvu inalala mapafuni bila kelele. Kinga ikishuka sana, inapita ndani ya damu na kufika kwenye utando wa ubongo.

Kongo yetu iko ndani ya historia ya kuvu hii. Mwaka wa 1970 waganga Gatti na Eeckels waliandika juu ya mtoto mmoja wa Kongo, mwenye saratani ya damu, ambaye maji ya uti wake wa mgongo yalikuwa na kriptokoki ya sura isiyo ya kawaida. Leo dunia nzima inaiita Cryptococcus gattii, kwa jina la Gatti. Mwaka wa 1982, wakati ukimwi ulikuwa bado haujulikani Afrika, waganga wa Kinshasa walikuwa tayari wanaandika juu ya wagonjwa wa kriptokoki waliokuwa wanaongezeka. Mwezi wa kumi 2022 iliwekwa kwenye ile orodha ya juu. Lakini miaka 39 kabla, mwezi wa kumi 1983, timu ya waganga wa Kongo, Ubelgiji na Marekani ilifika hospitali ya Mama Yemo, na ndani ya juma tatu ikatambua wagonjwa 38 wa ukimwi. Ugonjwa huu wa kichwa ulikuwa mojawapo ya alama zilizowaamsha.

Watafiti walikadiria kwamba mwaka wa 2020 kriptokoki ya ubongo iliua watu wapatao 112,000 duniani, wengi wao Afrika chini ya Sahara. Karibu mtu mmoja kwa watano wanaokufa kwa ukimwi anakufa kwa kuvu hii.

Alama zake zinakuja polepole, na njo maana zinatudanganya:

– kichwa kinachouma kila siku, juma moja, mbili, tatu, na kinini za maumivu hazikitulizi;
– homa ndogo inayokuja na kurudi;
– kutapika, macho kuona giza au vitu viwili, masikio kupungua;
– mwishoni kuchanganyikiwa, kulala sana, kifafa.

Shingo kukazika kunaweza kuwepo au kukosekana. Kwa hiyo usiseme "shingo yake inageuka, basi si ubongo".

Kipimo kiko, na si kigumu. Kuna kijikaratasi kinachoitwa CrAg, sawa na kile cha malaria. Tone la damu, dakika kumi, jibu. Kinaweza kuona kuvu ndani ya damu juma kadhaa kabla kichwa hakijaanza kuuma. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri kila mwenye virusi vya ukimwi ambaye kinga yake, ile hesabu ya CD4, iko chini ya 100 apimwe CrAg, na kama inawezekana hata yule aliye chini ya 200. Akionekana nayo bila ubongo kuguswa, anapewa flukonazoli ya kumeza na anazuia ugonjwa. Kati ya Dar es Salaam na Lusaka utafiti mmoja, uliotolewa 2015, ulichanganya kipimo hicho na kutembelewa nyumbani kwa wagonjwa wanaoanza ARV. Vifo vilipungua kwa asilimia 28.

Maji ya mgongo hayalemazi

Hofu kubwa ya jamaa ni ile sindano ya mgongoni. Watu wanasema: "Wakikutoa ile maji, hautatembea tena," au "Fulani walimutoa, akakufa." Aliyekufa alikufa kwa ugonjwa, mara nyingi kwa sababu aliletwa akiwa amechelewa. Sindano inaingia chini kabisa kiunoni, chini ya mahali uti wenyewe unakomea.

Tena katika kriptokoki, kutoa maji ni kupima na ni kutibu pia. Kuvu inaziba njia za maji hayo, yanajaa, yanabana ubongo na macho. Munganga akitoa kiasi, kichwa kinapoa mara moja, wakati mwingine kabla mgonjwa hajatoka kitandani. Inaweza kuhitajika kurudia kila siku kwa siku kadhaa. Jamaa linalokataa sindano ya pili linaweza kumpofusha au kumuua mgonjwa wao bila kujua.

Dawa: kutoka siku kumi na nne mpaka usiku mmoja

Kwa miaka mingi dawa ya nguvu ilikuwa amfoterisini B. Ilitoka kwa bakteria wa udongo wa karibu na mto Orinoco, Venezuela, miaka ya 1950. Inatoboa ngozi ya kuvu na kuifanya ivuje. Lakini inaumiza figo, inashusha madini ya potasiamu na damu, inaleta baridi na kutetemeka. Ilitolewa kwa dripu kila siku, mpaka siku kumi na nne, na damu ikichunguzwa kila mara. Kwa hospitali ambayo laboratwari yake inakosa umeme, hiyo ilikuwa karibu haiwezekani. Wengi walipewa flukonazoli peke yake, na wengi walikufa.

Baadaye amfoterisini ilifungwa ndani ya matone madogo sana ya mafuta, yanayoitwa liposomu, ili isiumize figo sana. Kati ya 2018 na 2021 utafiti uitwao AMBITION ulifanyika Uganda, Malawi, Zimbabwe, Botswana na Afrika Kusini, kwa wagonjwa zaidi ya 800. Nusu walipewa amfoterisini ya kawaida siku saba. Nusu nyingine walipewa ile ya liposomu mara moja tu, kipimo kikubwa, pamoja na kinini za flusitozini na flukonazoli kwa juma mbili. Baada ya juma kumi, waliokufa katika kundi la dripu moja walikuwa karibu 25 kwa mia, na kundi la siku saba karibu 29 kwa mia. Dripu moja haikuwa mbaya kuliko saba, na madhara yalipungua. Mwaka huo huo wa 2022 Shirika la Afya Duniani likaifanya kuwa tiba ya kwanza.

Baada ya juma mbili za mwanzo, mgonjwa anaendelea na flukonazoli kwa kipimo kikubwa juma nane, kisha kipimo kidogo kila siku kwa mwaka mmoja au zaidi, mpaka kinga irudi. Kuacha katikati kwa sababu unajisikia mzima ni kuita kuvu irudi.

Jambo moja linashangaza watu: mgonjwa wa kriptokoki ya ubongo ambaye hajaanza ARV hatakiwi kuzianza siku hiyo hiyo. Anangoja juma nne hadi sita. Utafiti uliofanyika Uganda na Afrika Kusini, uliotolewa 2014, ulionyesha kwamba walioanza mapema, ndani ya juma mbili, walikufa zaidi: 45 kwa mia, kulinganisha na 30 kwa mia ya waliongoja. Kinga inayoamka kwa ghafla inawasha moto ndani ya ubongo. Mgonjwa ambaye tayari yuko kwenye ARV asiziache mwenyewe. Munganga ndiye ataamua.

Kuvu za mapafu

Kuna tatu za kujua, kwani zote zinafanana na kifua kikuu.

Ya kwanza ni nyumosistisi. Inaleta pumzi fupi na kikohozi kikavu kwa mwenye kinga ndogo. Zamani ilifikiriwa kuwa mdudu kama wa malaria. Mwaka wa 1988 ndipo ilijulikana kuwa ni kuvu. Ni kuvu ya ajabu, kwa sababu haina ile ergosteroli, na dawa za kuvu za kawaida haziisumbui. Inatibiwa kwa kotrimoksazoli, ile ambayo wengi wanaijua kama Bactrim. Ndiyo maana wenye virusi vya ukimwi wenye kinga ndogo wanapewa kinini hicho kila siku kwa kujikinga. Msigawie majirani.

Ya pili ni aspajilasi. Mtu alipona kifua kikuu, mapafu yakabaki na mashimo. Kuvu inaota ndani ya shimo. Baada ya miezi au miaka anaanza tena kukohoa, kukonda, kutema damu, lakini makohozi hayaonyeshi kifua kikuu. Wengi wanaanzishiwa dawa za kifua kikuu mara ya pili bure. Ukitema damu na vipimo vinasema hapana, omba picha ya kifua na uulize kuhusu kuvu. Dawa ni itrakonazoli, miezi sita au zaidi.

Ya tatu ni histoplasma. Inakaa kwenye mavi ya popo na ya ndege, mapangoni na katika nyumba zilizoachwa. Kuna aina ya Afrika, Histoplasma duboisii, ambayo Mbelgiji Vanbreuseghem aliipa jina mwaka wa 1952 kwa heshima ya munganga Dubois, baada ya mgonjwa wa Kongo. Inaleta mavimbe ya ngozi, matezi na mifupa inayooza, na mara nyingi inaitwa kifua kikuu cha mifupa. Inatibiwa kwa itrakonazoli, au amfoterisini kama ni kali. Anayeingia pangoni kuchimba au kutafuta popo wa kula ajue hilo, na akiugua amwambie munganga kwamba aliingia pangoni.

Kabla ya kununua kwenye farmasi

– Ketokonazoli ya kumeza: iache. Mwaka wa 2013 Ulaya iliisimamisha na Marekani ikaifunga karibu kabisa kwa sababu inaharibu ini. Ile ya kupaka haina shida hiyo.
– Flukonazoli: mwambie muuguzi kama una mimba, kama unakunywa dawa za kifua kikuu (rifampisini inaipunguza nguvu), au dawa ingine yoyote ya moyo, ya kifafa au ya malaria.
– Usikate kipimo kwa sababu ya bei. Kinini kimoja-kimoja kwa siku chache kinafundisha kuvu kuizoea dawa. Candida auris, iliyotambuliwa Japani 2009 na sasa iko katika hospitali za Kenya na Afrika Kusini, inakataa flukonazoli mara nyingi.
– Tazama tarehe na boksi. Dawa iliyoshinda juani juu ya meza ya soko si dawa tena. Majina kwenye boksi yameandikwa kwa Kifaransa, lakini sauti ni ile ile tuliyoandika hapa.

Lini usingoje

Tunajua hali yetu. Barabara inafungwa, pikipiki inaomba bei mbili, kituo cha afya kinaweza kukosa dawa mwezi mzima. Hatumwambii mtu akimbie hospitali kuu kwa duara moja la mkononi. Lakini kwa haya manne, usilale siku ingine:

Kichwa kinachouma zaidi ya juma moja, na dawa ya malaria haikukituliza. Kumeza kunauma na kinywa ni cheupe, kwa mtu mzima. Pumzi fupi kwa mtu mwenye virusi vya ukimwi. Kutema damu baada ya kifua kikuu kupona.

Ukifika, usingoje munganga akisie. Sema hivi: "Kichwa kinaniuma tangu siku fulani, malaria ilitibiwa, haikupona. Munipime virusi vya ukimwi. Na kama niko navyo, munipime kriptokoki." Kipimo cha ukimwi na dawa za ARV hazilipiwi. Kama kituo hakina kipimo cha CrAg, omba karatasi ya kukutuma hospitali kuu, na jamaa lianze kutafuta usafiri siku ile ile.

Kwa mama mdogo wangu hakuna mtu aliyesema maneno hayo. Dawa ya malaria alipewa, ya tifoide alipewa, maombi aliombewa. Kitu kilichokosekana ni swali moja juma la kwanza, wakati alikuwa bado anatembea mwenyewe kwa miguu yake kwenda sokoni.